Pete ya Uzi wa Shuka

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali ile, mtu akichomwa sindano alipigiwa vigelegele.

Kila kazi ina wazimu wake, na huu ndio uliokuwa wa kwao. Mashuka yaliteremshwa kutoka wodini na chumba cha upasuaji yakiwa mafurushi, yakamwagwa juu ya meza ndefu ya bati, na wanawake wanne wakasimama kuyachambua: ya damu huku, ya mkojo kule, yaliyolowa machozi tu hapa katikati. Daktari ana haraka, nesi ana haraka, na sindano iliyokosa pa kwenda hujilaza ndani ya kunjo la shuka kama nyoka kwenye kuni. Mkono unaingia mzima, unatoka na tone la damu. Glovu zilikuwepo, tusiwasingizie watu, lakini zilikuwa zile nyembamba za kufungia vidonda, na sindano ilizipita kama mwenye nyumba anavyopita pazia.

Aliyeanzisha vigelegele alikuwa Bi Foronya. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye faili, faili lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulipotea zamani. Kwa kuwa alijifunga foronya kichwani badala ya kitambaa kwa miaka ishirini na miwili, watu walimwita kwa walichokiona. Katika mwaka wake wa tatu kazini, binti mmoja mgeni alichomwa akaanza kulia kwa sauti, na kilio kile kilikuwa kinaelekea moja kwa moja kwa Karatasi.

Karatasi alikuwa msimamizi wao. Hakutembea bila jalada kwapani, hata akienda msalani, na ndani ya jalada mlikuwa na ukurasa wa uzembe. Kuchomwa sindano kulihesabiwa uzembe. Ukiandikwa mara tatu, mkataba haurudiwi. Basi Bi Foronya akamdaka yule binti kidole, akakikamua, akakisugua kwa kipande cha sabuni mpaka povu likawa la waridi, akachomoa uzi kwenye pindo la shuka bovu, akamfunga kidoleni na kutangaza:

“Jamani, mwenzetu kachumbiwa! Bwana mwenyewe mwembamba, lakini ana ncha!”

Wakacheka, wakapiga vigelegele, na kilio kikazama humo humo. Karatasi akachungulia, akaona wanawake wanaruka ruka, akarudi ofisini. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya meza: kamua, sabuni, uzi, vigelegele, nyamaza. Kuna waliochumbiwa mara tano, kuna waliochumbiwa mara kumi. Bi Foronya mwenyewe aliacha kuhesabu. Alisema ana waume wengi kuliko meno.

Tangazo lilibandikwa mlangoni siku ya mvua. Bi Foronya aliishia darasa la saba, na wengine pale walikuwa wamesoma kumzidi, lakini kila karatasi ikibandikwa walimwita yeye asome, kwa sababu yeye hakuacha kitu kilivyo.

“Haya, bibi, tuambie,” alisema Mwanikaji, mwanamke mrefu aliyeshughulika na kamba za nje.

Bi Foronya akaweka kidole chini ya maneno. “Chanjo ya homa ya ini kwa watu wazima. Wafanyakazi wote, hasa wanaoshika nguo na taka za wagonjwa. Ni bure. Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao, kliniki ya mama na mtoto.”

“Kliniki ya watoto? Sisi?”

“Nyinyi hao. Mtabebwa mgongoni, mtapimwa uzito kwenye ile suruali ya kuning’inia, na atakayelia atapewa ziwa.”

Mpiga Pasi, mwanamume pekee mle ndani, akaanza kucheka kabla ya wakati. Kicheko chake kilimtia Bi Foronya hamu ya kuongeza, naye hamu ya namna hiyo hakuwahi kuishinda hata siku moja. Akainama, akakodoa macho pembeni mwa tangazo, mahali palipokuwa peupe kabisa.

“Kumbe chini kuna maandishi madogo! Mwenye kuchanjwa atapoa mwaka mzima. Mume akimgusa atadhani kagusa mtungi.”

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mpiga Pasi aliunguza joho la daktari, likatoka na alama ya pasi mgongoni kama mhuri. Na mzaha ule ukapanda wodini pamoja na mashuka safi, ukaingia jikoni pamoja na mataulo, ukatoka getini pamoja na watu waliomaliza zamu. Ulimi hauna mfupa, lakini miguu unayo, tena ya mbio.

Aliyekosekana siku ile kwenye meza alikuwa Mama Pacha. Yeye na Bi Foronya walisimama wakitazamana kwa miaka kumi na tisa, huyu upande huu wa bati na yule upande ule, mpaka kila mmoja aliujua uso wa mwenzake kuliko wake mwenyewe. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa mgonjwa nyumbani, na habari ilikuwa ni vidonda vya tumbo. Wiki mbili baada ya tangazo, Bi Foronya alikwenda kumwona.

Wale pacha wake, wanaume wenye ndevu sasa, walikuwa wamekaa nje ya mlango kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, hawajui wafanye nini na mikono yao. Ndani kulikuwa na kitanda, beseni na pazia lililoshonwa kutoka shuka la hospitali. Mama Pacha alilala chali. Mikono imekuwa vijiti vya ufagio, tumbo limejaa kama mwenye mimba ya pacha wengine, na macho, yale macho ya miaka kumi na tisa, yalikuwa ya njano.

“Umekuja, mshenga,” alisema.

“Nimekuja. Nani kakupaka manjano?”

“Ini. Daktari kaniuliza kama niliwahi kuchomwa sindano kazini. Nikamwambia mimi nimechumbiwa mara kumi na moja. Akadhani homa imenipanda kichwani.” Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na Bi Foronya akamshika mgongo mpaka kilipopita. “Anasema huu ugonjwa ulikaa humu miaka yote umetulia, kama mpangaji asiyepiga kelele. Na kinga yake ipo. Sindano tatu begani, basi. Ipo tangu zamani, shoga yangu. Hakuna aliyetuambia.”

Bi Foronya alitazama beseni.

“Kuna tangazo,” alisema. “Limebandikwa mlangoni.”

“Umelisoma?”

“Nimelisoma.”

“Ukawaambiaje?”

Bi Foronya aliinuka, akalibeba beseni kwenda kulimwaga, na Mama Pacha, aliyemjua, hakuuliza tena.

Alizikwa Jumapili. Jumatatu asubuhi Karatasi alifungua jalada, akaweka mstari juu ya jina moja, akaandika lingine chini yake. Nafasi ya marehemu kwenye meza ya kuchambulia alipewa Mwali.

Mwali alikuwa mtoto wa mdogo wake Bi Foronya. Mdogo huyo alipofariki alimwachia binti wa miaka tisa na sufuria mbili, na Bi Foronya akavilea vyote, ingawa sufuria moja ilipasuka. Mwali aliolewa mwaka uliopita, hajapata mtoto, na jina la Mwali lilikuwa limemganda kwa sababu wote walikuwa wanasubiri kumwita Mama Fulani. Kazi ya kwenye kamba aliipata kwa kuombewa na mama yake mkubwa, aliyemwandama Karatasi miezi sita kama deni. Mkataba wake ulikuwa wa muda, na huo ulikuwa mwezi wake wa nne tu kazini.

“Mrudishe kwenye kamba,” Bi Foronya alimwambia Karatasi. “Nitachambua mimi sehemu yake na yangu.”

“Una mikono minne?”

“Nina miwili yenye uzoefu.”

“Meza ina nafasi nne,” alisema Karatasi, na kuonyesha kwa kalamu, kana kwamba meza nayo ilisaini mkataba. “Asiyetaka, wapo wanaotaka.”

Mwali mwenyewe alikuwa na furaha. Mezani kuna kivuli. “Mbona umenuna, Mama mkubwa? Si nimepanda cheo?”

“Alhamisi ya wiki ijayo utakwenda kuchanjwa.”

Mwali akaangua kicheko. “Nipoe?”

“Ule ulikuwa mzaha wangu.”

“Wako? Mbona mama mkwe kautoa sokoni? Kasema kuna mwanamke alichanjwa, mimba ikaganda tumboni.”

“Mwanamke gani?”

“Wa huko.”

“Huko wapi?”

“Huko huko, Mama mkubwa. Watu wanamjua.”

Bi Foronya aliketi juu ya furushi. Alikuwa ameutoa mzaha mlangoni ukiwa kifaranga, na sasa unamrudia jogoo, una kucha, unamdonoa. Akamweleza Mwali habari za kile kitanda, lile tumbo, yale macho. Alieleza taratibu, bila kuongeza wala kupunguza, na Mwali akawa anamtazama kwa tabasamu la mtu anayesubiri.

“Haya, na mkia wake?”

“Mkia gani?”

“Hadithi zako zina mkia. Mwishoni tunacheka.”

“Hii haina.”

Tabasamu la Mwali likakaa kidogo, likashuka. Akachambua mpaka wakamaliza furushi zima. “Nitakwenda,” alisema. “Lakini mume wangu asijue. Na siendi peke yangu. Nikionekana pale peke yangu, Karatasi atadhani nimechomwa. Twende wengi, asijulikane nani ni nani.”

Alhamisi ilipofika, Nesi wa Chanjo alishuka kwenye gari la hospitali kuu na kisanduku cha baridi mkononi. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye viatu vilivyokanyagwa kisigino na uchovu wa kweli usoni. Bi Foronya alikuwa wa kwanza kumpokea.

“Ninyi ni wangapi?” aliuliza nesi.

“Kwani wewe unataka wangapi?”

“Kumi. Chupa ni moja, ina dozi kumi. Nikishaifungua hairudi kwenye jokofu, inamwagwa. Mwezi jana nilifungua kwa watu saba, nikaandikiwa barua ya onyo. Chini ya kumi sifungui. Na saa nane dereva anaondoka na kisanduku.”

“Kumbe nawe una Karatasi wako,” alisema Bi Foronya.

Akaanza kuokota watu. Wachambuaji wenzake wawili aliwakokota kwa mkono. Mwanikaji alimvuta kwa ahadi ya kumwanikia nguo wiki nzima. Wafagiaji watatu aliwapata kwa kuwaambia ukweli, jambo lililomshangaza mwenyewe. Fundi wa cherehani, anayetia viraka mashuka, alikubali kwa kuwa alimwogopa. Mtunza maiti alisema wateja wake hawana tabia ya kuchoma mtu, lakini atakuja, chumbani kwake hakuna maongezi. Ukimweka na Mwali, tisa. Na yeye mwenyewe, kumi. Saa sita na nusu mchana kumi walikuwa wameketi kliniki ya mama na mtoto, kwenye benchi la kimo cha mtoto, magoti yamegusa videvu, na ukutani twiga aliyechorwa anawatazama kwa huruma.

“Mama yangu yuko wapi?” alisema Mtunza Maiti. “Naona napotea.”

“Usilie, baba, utapewa ziwa,” akajibu Mwanikaji, na benchi zima likatikisika.

Kwanza walipimwa. Nesi alieleza kwamba chanjo humlinda ambaye hajaupata ugonjwa, aliyekwisha kuupata haimsaidii kitu. Tone la damu kidoleni, kipimo kidogo kama kijiti, unasubiri. Mstari mmoja, uko salama, unachanjwa. Nesi alipomkamua kidole mfagiaji wa kwanza, fundi wa cherehani alijisahau akaanzisha kigelegele, na Bi Foronya akamkanyaga mguu.

Mstari mmoja. Mstari mmoja. Mstari mmoja. Mwali alipopata mstari wake mmoja, alimkonyeza mama yake mkubwa na kupandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akaacha hivyo hivyo, tayari.

Bi Foronya alijiweka wa mwisho. Nesi alitazama kijiti chake, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamwashiria asogee nyuma ya pazia.

“Mistari miwili,” alisema kwa sauti ya chini.

“Miwili si ndiyo mimba? Kwa umri wangu nitapigwa picha.”

Nesi hakucheka. “Bibi, wewe unao ugonjwa. Labda ni wa miaka mingi. Wengi wanaishi nao, usiogope kupita kiasi. Nakuandikia karatasi, uende kwa daktari hospitali kuu, akupime ini.”

Bi Foronya alipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaichomeka ndani ya foronya kichwani.

“Na chupa?” aliuliza.

“Wamebaki tisa.”

“Niandike mimi. Hiyo dozi yangu nichome, au imwage, au jichome wewe.”

“Mimi nilishachanjwa. Na kila jina lazima libandikwe kipimo chake pembeni. Chako kina mistari miwili, nitakibandika vipi?” Nesi alifuta jasho. “Mtafute mmoja, bibi. Mmoja tu. Bado una saa nzima.”

Basi Bi Foronya akatoka kutafuta bega moja.

Alianza na Mpiga Pasi, aliyekuwa ndani ya wingu lake la mvuke. “Mimi?” alisema. “Nina mke kijana, Bi Foronya. Nikipoa, nimwachie nani?”

“Ule mzaha nilitunga mimi! Ulikuwepo! Uliunguza joho kwa kucheka!”

“Nilicheka kwa kuwa kulikuwa na ukweli ndani yake. Uongo mtupu hauchekeshi hivyo.”

Akaenda jikoni. Mpishi hakuacha hata kukoroga. “Shemeji yangu anafanya kazi maabara. Hayo maandishi madogo kayaona kwa macho yake.”

“Hayapo! Pale ni karatasi nyeupe!”

“Sasa kama hayapo, wewe uliyasomaje?”

Mlinzi wa getini alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwambia ampe na ile ya kuchekesha. Alipomwambia hakuna, kwamba anaomba kweli, na machozi yakamtoka, mlinzi alipiga makofi. “Bi Foronya wewe! Hata machozi!”

Miaka ishirini na miwili alikuwa amewafundisha watu wale kwamba kila afunguapo kinywa ni wakati wa kucheka. Walikuwa wamemwelewa vizuri sana.

Saa nane kasoro dakika ishirini alirudi kupitia ukumbi wa ofisi, viatu vikimvuka, na hapo akaona mlango wa Karatasi uko wazi. Karatasi yuko ndani, anapanga kalamu. Na Karatasi, ukimwondolea jalada, ana mabega mawili kama kiumbe yeyote.

“Bwana msimamizi,” alisema, “nimekuja kukuomba bega.”

Akamweleza. Karatasi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Mtu mbaya angemfukuza mlangoni. Yeye alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema kinga ni bora kuliko tiba, hata kwenye ukuta wake imeandikwa. “Wako wangapi kwenye foleni?”

“Tisa!” alisema Bi Foronya kwa fahari. “Wanne tu ndio hawatoki kwetu. Wengine wako chini yako mwenyewe.”

Karatasi akasimama, akaweka jalada kwapani. “Twende nikawaone.”

Bi Foronya alimtangulia akikaribia kucheza. Alihesabu milango. Alimwona Mwali kwenye benchi, bega limeng’aa kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha vidole kumi. Nesi akafungua kisanduku, akaitoa chupa, ndogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima, akaitikisa.

Karatasi alisimama mbele ya benchi na kufungua jalada.

“Kabla hatujaanza,” alisema, “nimefurahi kuona mwamko. Sasa kwa ajili ya kumbukumbu: nani kati yenu amewahi kuchomwa sindano kazini? Nyosheni mikono.”

Twiga peke yake ndiye aliyebaki na shingo juu. Wengine wote walitazama sakafu.

“Hakuna?” Karatasi alishangaa kwa moyo safi kabisa. “Kama hakuna aliyechomwa, hii haraka yote ni ya nini? Na kama yupo, mbona simwoni kwenye ukurasa wangu?” Akatoa kalamu. “Basi niandike majina ya waliopo. Halafu tutafuatilia mmoja mmoja.”

Mwanikaji akakumbuka kwamba kuna nguo nje na wingu linakuja. Hakukuwa na wingu. Wachambuaji wawili wakamfuata kumsaidia na hilo wingu. Wafagiaji walisema wanaitwa wodini. Fundi aliacha pedeli ya cherehani peke yake, akaogopa itapotea. Mtunza Maiti alikaa kidogo zaidi ya wenzake, kwa heshima ya Bi Foronya, kisha akasema ana mteja. Karatasi alitazama benchi tupu, akaandika kitu kifupi, akafunga jalada na kurudi ofisini kwake. Shati lake lilikuwa la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Hakuwa amegusa hata kimoja.

Alibaki Mwali.

“Mfungulie huyu,” Bi Foronya alimwambia nesi. “Mmoja tu. Huyu ndiye anayesimama pale kwenye meza.”

“Bibi, usinitie majaribuni.”

“Hospitali kuu je?”

“Wanachanja watu wazima Jumanne asubuhi.”

Jumanne ndiyo siku ya mashuka ya upasuaji. Jumanne mtu wa mkataba wa muda haombi ruhusa hata kwa kufiwa. Duka la dawa mjini nalo wanayo, ila bei yake mfua nguo huiuliza mara moja tu maishani.

Nje, dereva alipiga honi. Nesi alirudisha chupa kwenye barafu, akaifunika, akaandika namba ya simu nyuma ya fomu. “Niletee orodha ya majina kumi ya uhakika,” alisema. “Naweza kuomba nirudi baada ya miezi sita.” Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

“Mama mkubwa,” aliuliza Mwali, bado bega liko wazi, “nishushe?”

Habari ya mistari miwili Bi Foronya hakumwambia mtu. Aliirudia meza kama kawaida na kuweka utaratibu mpya: kila furushi likimwagwa, mikono yake inatangulia, inapapasa kila kunjo, ndipo Mwali anaruhusiwa kugusa. Alipoulizwa alisema mikono yake imeolewa tayari, haina cha kupoteza. Watu wakacheka sana. Ile fomu ya nesi aliiweka chini ya kipande cha sabuni, na baada ya wiki tatu ilikuwa na majina manne. Mawili kati ya hayo yalikuwa ya watu walioacha kazi.

Utaratibu wake ulichelewesha meza. Karatasi aliliona hilo, maana ndiyo kazi yake kuona, na Jumanne ya nne akamhamishia Bi Foronya upande wa kukunja, nguo safi, kazi ya kukaa. “Umezeeka, pumzika kidogo,” alimwambia, naye alidhani anamtendea wema.

Haikufika adhuhuri. Mashuka ya upasuaji yalikuwa yamerundikana mpaka kiunoni, Mwali anachambua kwa haraka, huku, kule, hapa katikati, halafu akasimama ghafla na mkono juu. Hakulia. Alitazama tu tone linavyojitengeneza juu ya glovu, dogo, jekundu, duara.

“Kachumbiwa!” alipiga kelele mmoja. “Mwali ana mume, kachumbiwa tena!”

Sabuni ikaja. Maji yakaja. Bi Foronya alifika kabla hajajua kwamba ameinuka, akamshika mpwa wake kiwiko. “Twende kwa daktari. Sasa hivi. Kuna sindano ya kuuwahi ugonjwa kabla haujakaa, nesi aliniambia. Twende.”

“Daktari ataandika, Mama mkubwa.”

“Na aandike!”

“Akiandika itashuka kwa Karatasi. Mkataba wangu unaisha mwezi huu.” Mwali alimtazama, na sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayemwambia mzee jambo dogo. “Unataka nifukuzwe, baada ya kuniombea miezi sita?”

Bi Foronya aligeukia wenzake. “Jamani, nisikilizeni. Msicheke. Mama Pacha alikufa kwa hili hili. Mimi mwenyewe ninalo. Ninalo humu ndani, nimepimwa, karatasi ninayo kichwani.”

Kisha Mpiga Pasi, kutoka ndani ya mvuke wake, akasema, “Karatasi kichwani! Kumbe ndiyo maana ya foronya!” na chumba kizima kikalipuka. Walicheka wakashikana mabega, kama siku ile ya tangazo. Wachambuaji walijifuta macho. Hata Mwali alicheka, kidogo, kidole chake kikiwa bado mbele, kinasubiri.

Hakukuwa na shuka bovu karibu. Bi Foronya alivua foronya, akaichomeka ile karatasi kifuani, akatafuta pindo kwa vidole, akachomoa uzi. Akakamua kidole, akasugua, povu likawa la waridi. Akafunga uzi mara mbili, fundo dogo, zuri, kama alivyowafundisha wote.

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye bati la paa. Mwisho wa ukumbi, mlango wa ofisi ukafunguka kidogo, na sauti ya Karatasi ikauliza kwa upole:

“Leo nani tena?”

“Mwali!” wakaitikia wote kwa pamoja.

“Hongereni,” alisema Karatasi, na mlango ukafungwa.